Moshi wa Tanga hatuuvuti sawa

Mtu akija hospitali na kifua tunamuuliza anavuta sigara au havuti, alafu wengi tunaishia hapo. Mimi kama mtu wa afya ya mazingira naona swali la kwanza lingekua unakaa wapi na unapikia nini.

Angalia upepo tu. Kusi inatoka baharini, kaskazi nayo inatoka baharini, kwa iyo mtu wa Raskazone, mtaa wa ufukweni hapa Tanga, karibu mwaka mzima anavuta hewa safi, ila vumbi la machimbo ya chokaa na saruji kule upande wa bara, Pongwe na Maweni, linabaki na wanaoishi huko huko. Na hawakulichagua, walitafuta kiwanja wanachokimudu, wengine ndo kwao tangu wazee wao, na nyumba ya kwenye vumbi nani ataichukua kwa bei ya kumtosha mtu kuhamia kwingine?

Kinachoniuma zaidi lakini ni mama zetu wanaokaanga samaki. Samaki wakishuka tu yeye anainamia karai mpaka jioni, kuni mbichi, makumbi ya nazi, na moto unawashwa kwa mfuko wa plastiki, mtoto yuko mgongoni. Mtoto mchanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika wakati mtu mzima ni 12 hadi 20, sasa piga hesabu moshi ule ule unaingia mara ngapi kwenye mapafu madogo kiasi kile. Chembe zenyewe mbaya huzioni, ziko chini ya maikromita 2.5, zinafika mwisho wa mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo maana moshi hauleti kikohozi peke yake, unaleta nimonia kwa watoto, ugonjwa wa moyo, mpaka kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 walikua watoto chini ya miaka 5.

Watu wanasema si atumie gesi. Jamani, mtungi unajazwa kwa hela ya mkupuo, kuni zinanunuliwa kidogo kidogo kila siku, na yeye anapata hela ya siku kwa siku! Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati hiyo ifikapo 2034, ni jambo zuri sana, ila karai la biashara nalo lihesabiwe, lisiachwe nje.

Kwa sasa, kuni ziwe kavu, plastiki isiingie motoni kabisa, simama upande upepo unakotokea, na mtoto akae mbali na moto hata kama ni kwa jirani.

Alafu kuna haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, haijasema wa Raskazone tu. Wataalamu wa tathmini ya mazingira wakija mtaani kuuliza maoni kuhusu kiwanda au machimbo, nendeni, na mwambieni mwenyekiti wa mtaa asipange mkutano muda wa samaki kushuka maana kina mama hawatatokea, na mkishasema hakikisheni limeandikwa kwenye muhtasari kabla hamjasaini mahudhurio.