"Uzamivu wa kujilipia" maana yake nini?

Juzi, nje ya maktaba pale Upanga, daktari mmoja kijana alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Mradi wa utafiti wa moyo, chuo cha Uingereza, na mada ileile anayoipenda. Chini kabisa pameandikwa kwamba mradi ni wa kujilipia. "Dada, hii ni ya watoto wa matajiri," akasema, akaizima simu. Nikamwambia aiwashe.

Mradi wa uzamivu, yaani PhD, wenye ufadhili huja na fedha zake: ada imelipwa, na kwa kawaida mwanafunzi hupewa posho ya kuishi. Mradi wa kujilipia una msimamizi, una swali la utafiti, una maabara, ila fedha za mwanafunzi hazipo. Haina maana lazima zitoke mfukoni mwako. Maana yake ni kwamba kuzitafuta ni kazi yako. Anayelipiwa na mwajiri, na serikali, au na ufadhili aliouomba mwenyewe, kama ule wa Jumuiya ya Madola, mara nyingi hupokelewa kwa tangazo hilohilo.

Kinachowaangusha wengi ni ada ya maabara, ambayo ni mbali na ada ya masomo. Hii ni ya vitendanishi (kemikali za majaribio), vifaa na matumizi ya mashine. Kichupa kimoja cha kingamwili za kutambua protini ya msuli wa moyo, kimiminika chake hakijazi hata kijiko cha chai, kinaweza kuzidi kodi ya mwezi ya chumba Sinza. Na vichupa vyenyewe huhitajika vingi, kwa miaka mitatu au minne. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi, uliza kwa maandishi: ni kiasi gani kwa mwaka, kinagharamia nini, na kikiisha katikati nani anaongeza?

Si kila swali la moyo linadai gharama hizo. Tuna watoto ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mengi kuhusu valvu hizo yanaweza kuchunguzwa kwa picha za eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na kumbukumbu za wagonjwa, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko hapahapa Muhimbili. Mimi ningemshauri anayejilipia aanzie huko kabla ya kufikiria kuotesha seli.

Ila vibali vinachukua muda. Utahitaji kibali cha maadili ya utafiti, na kama sampuli za damu zitavuka mpaka, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, lazima ihusishwe na pawe na mkataba wa kuzihamisha. Anza mapema, kwa sababu ukishasajiliwa, ada inahesabika hata kama umekaa tu unasubiri barua.

Na usingoje matangazo. Soma makala za karibuni za msimamizi unayemtaka, kisha mwandikie ukurasa mmoja: swali lako, kwa nini yeye, data utazipata wapi, fedha unazitafuta wapi. Barua inayosema tu "napenda sana utafiti wa moyo" ni rahisi kupuuzwa.

Yule kijana swali analo. Wodini amewaona kina mama ambao moyo ulianza kushindwa kazi wiki chache baada ya kujifungua, na anataka kujua kwa nini wengine wanapona kabisa na wengine hawaponi. Nikamwambia hiyo ndiyo iwe sentensi ya kwanza ya barua yake.