"Awe makini tu" na dhana nyingine potofu kuhusu makosa kwenye sataranji

Jumamosi iliyopita, baada ya mashindano ya watoto hapa Nakuru, wazazi watatu walinijia mmoja baada ya mwingine na neno lile lile. Mtoto amepoteza malkia bure, analia nje ya ukumbi, na mzazi ananiambia: "Mwalimu, huyu mchezo anaujua, ila hana umakini. Mwambie awe makini." Nafundisha sataranji Nakuru na Kisumu, na hakuna sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko hiyo. Nimechoka kuijibu mlangoni watu wakikimbilia matatu, kwa hiyo naijibu hapa kwa nafasi.

Dhana: Kosa kubwa ni kukosa umakini, na dawa yake ni kuongeza umakini

Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik alikuwa bingwa wa dunia, akicheza mechi ya michezo sita dhidi ya programu iitwayo Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa na kete nyeusi, hatua ya 34 alimpeleka malkia wake mraba wa e3 (kila mraba wa ubao una herufi na namba yake) akitaka wabadilishane malkia. Kompyuta ikamweka wake h7. Chekimeti. Mfalme kashikwa, hana pa kutokea: chekimeti ya hatua moja, ile tunayowapa watoto wiki za mwanzo.

Sasa niambie Kramnik hakuwa makini. Baada ya mchezo alieleza kwamba hatua hiyo ya malkia aliipanga tangu hatua ya 29, na kila kete iliposogea aliipima tena. Kutazama alitazama sana. Lakini kila alipotazama, alikuwa akiukagua mpango wake mwenyewe, na huku farasi mweupe ametua f8. Farasi akiwa f8 analinda h7, kwa hiyo mfalme hawezi kumla malkia aliyetua hapo. Macho yetu yamezoea kumwona malkia wa h7 akilindwa na farasi wa g5 au na askofu kwenye mshazari. Farasi aliyejitosa hadi mstari wa nane, nyuma kabisa ya safu za adui, tunamhesabu kama kete iliyomaliza kazi.

Kwa hiyo mtu kama huyo ukimwambia "kuwa makini", umemwambia nini? Atarudi kuukagua mpango ule ule kwa bidii zaidi.

Mchukue Mikhail Chigorin, Havana, 1892, mchezo wa 23 wa mechi ya ubingwa wa dunia dhidi ya Wilhelm Steinitz. Chigorin alikuwa mbele kwa kete nzima, na ushindi ungewaweka sare, tisa kwa tisa. Askofu wake wa d6 alikuwa analinda h2. Hatua ya 32 akamhamishia b4. Ngome ya Steinitz (kete ya umbo la mnara) ikala h2, chekimeti ya hatua mbili, mechi ikaishia hapo. Kosa hili si ndugu wa lile la Kramnik. Hapa mlinzi ameondolewa zamu na aliyemwondoa hakukumbuka kwamba alikuwa zamu.

Na la juzijuzi wengi tulilitazama kwenye simu: Singapore, Desemba 2024, mechi ya ubingwa wa dunia kati ya Ding Liren na Gukesh, mchezo wa 14, wa mwisho, pointi zikiwa sawa. Hatua ya 55 Ding akaweka ngome f2, askofu wake akiwa amejibanza kwenye kona ya a8. Gukesh akabadilisha ngome, kisha akamlazimisha Ding wabadilishane maaskofu kwa kuwa yule wa kona hakuwa na pa kukimbilia. Zikabaki wafalme na vitunda, zile kete ndogo za safu ya mbele, na Gukesh alikuwa na kitunda kimoja zaidi. Akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Kosa la tatu, na aina yake ni ya tatu: kukubali mabadilishano bila kuhesabu kitakachosalia ubaoni.

Malaria na homa ya matumbo zote huleta joto mwilini, na hakuna mzazi wa Kisumu ambaye angeridhika na daktari anayemwambia mtoto "usiwe na joto" kisha amruhusu aende nyumbani. Tunataka apimwe. Kwenye ubao pia nataka apimwe. Darasani kwangu nimepiga marufuku maneno "sikuwa makini" katika daftari la makosa. Mtoto aandike jambo lenyewe: nilisahau askofu alikuwa analinda nini, sikuitazama kete aliyoisogeza mwenzangu, nilikula kwa sababu kulikuwa na cha kula.

Hilo la mwisho lina asili yake kwetu. Watoto wengi huanza na drafti, kwa vifuniko vya soda, kando ya kinyozi au stendi. Kwenye drafti tunayocheza mtaani kula ni lazima. Mtoto huyo akija kwenye sataranji, kitunda kikiachwa mbele yake mkono unaenda wenyewe. Nilikuwa na mvulana wa namna hiyo, na kwa muhula mzima niliwaacha wote, mimi nikiwemo, tumwambie awe makini. Siku tulipotambua kwamba ni drafti inayomwongoza, tukampa neno la kujisemea kimoyomoyo: "Si lazima nile." Mwezi haukuisha kabla malkia wake kuanza kufika mwisho wa mchezo.

Ushauri wangu mmoja, na nitaurudia hadi uwachoshe: mwenzako akisogeza, kalia mikono yako. Uliza kete hiyo inafanya nini pale ilipotua, na imeacha nini kule ilikotoka. Ukishajibu yote mawili, rudi kwenye mpango wako.

Dhana: Mwenye kipaji hapotezi malkia bure

Tigran Petrosian alimwacha malkia wake aliwe na farasi wa David Bronstein, Amsterdam, 1956, akiwa na mchezo mzuri sana. Mwaka 1963 akawa bingwa wa dunia. Mwanao yuko gredi ya tano.

Dhana: Ukishakosea, mchezo umekwisha

Sochi, 2014, mchezo wa sita wa mechi ya ubingwa wa dunia. Magnus Carlsen alimpeleka mfalme d2 hatua ya 26, na Viswanathan Anand angeweza kula kitunda cha e5 kwa farasi na kuugeuza mchezo wote. Hakuona, akasukuma kitunda a4. Carlsen akashinda mchezo huo na hatimaye mechi, 6½ kwa 4½. Watoto wetu wakigundua kosa lao hushika kichwa na kuguna, na kwa kufanya hivyo wanamwonyesha mpinzani mahali pa kutazama. Nawafundisha kunywa maji na kutulia.

Dhana: Kompyuta itamwonyesha alikokosea

Itamwonyesha hatua bora na namba. Haitamwambia kwa nini yeye hakuiona. Kwangu programu haifunguliwi hadi mtoto awe ameandika sababu yake kwa kalamu. Wazazi mnaomfungulia simu ndani ya matatu kabla hamjafika Gilgil, tafadhali acheni.

Dhana: Akikaripiwa atajifunza

Atajifunza kuficha. Jumamosi hiyo niliokota karatasi nne za kuandikia hatua kwenye pipa la taka, moja imechanwa vipande. Zote zilikuwa za michezo iliyopotea. Nimezinyoosha, ile iliyochanika nimeigundisha kwa selotepu, na wenyewe nimewajua kwa mwandiko. Jumatano saa kumi tunazicheza upya pamoja, tukianza na ile iliyochanwa.