Kabla ya kusimika tenti Garner, angalia kwanza namba ya mto

Kila ikifika mwezi wa tano simu yangu inaanza kujaa meseji, watu wa Houston, Dallas, San Antonio, wengine mpaka Abilene huko, na wote swali ni lile lile, kaka tunataka kupeleka watoto mtoni, kulala kambini, nyama choma, tyubu (yale maboya ya mpira ya kukalia ukielea mtoni), twende wapi na tubebe nini. Mimi kazi yangu ndo hiyo, naongoza watu kwenye kayaki na nafundisha uokoaji kwenye maji yanayokimbia, kwa hiyo jibu langu huwa linazidi kile walichotaka kusikia. Wanauliza kuhusu tenti, mimi nawajibu kuhusu maji. Nimeona niandike hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Familia nyingi nazielekeza Garner State Park, hifadhi ya jimbo la Texas iliyoko kaunti ya Uvalde, magharibi ya San Antonio, kama saa moja na nusu mpaka mbili kwa gari. Mto Frio unapita humo ndani karibu maili 3. Jina ni la John Nance Garner, mtu wa Uvalde aliyekuwa makamu wa rais wa Roosevelt kuanzia 1933 hadi 1941, na yale majengo ya mawe utakayoyakuta yalijengwa na vijana wa CCC, ule mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka. Hifadhi ilifunguliwa rasmi 1941. Maji yanatoka kwenye chemchemi za mawe ya chokaa, maangavu kiasi kwamba ukisimama yakufike kifuani bado unaona vidole vya miguu, na ni ya baridi hata Julai jua likiwa linachoma kweli kweli. Ukingoni kuna miti mikubwa ya zamani, misaiprasi, inatoa kivuli. Pazuri, sibishi. Na uzuri wenyewe ndo unaowafanya watu wasahau kwamba ule ni mto.

Haya, namba. USGS, idara ya serikali kuu inayopima maji na ardhi, wana kipimo kwenye mto huu pale kijiji cha Concan, na kinasomeka bure kwenye intaneti, andika tu Frio River at Concan utakipata. Utaona namba mbili, moja ni kimo cha maji kwa futi, nyingine ni maji mangapi yanapita, yaani futi za ujazo kwa sekunde. Hiyo ya pili ndo ninayoitaka. Futi moja ya ujazo ni kama lita 28, kwa hiyo ukisoma 100 maana yake lita 2,800 zinapita hapo kila sekunde, ndoo 140 za lita ishirini, kila sekunde, na hapo mto tunauhesabu umetulia.

Viwango vyangu kwa Frio, na ni vya Frio tu usivipeleke mto mwingine, ni hivi. Chini ya 40 utakuwa unaburuza makalio kwenye mawe na tyubu umeibeba kichwani. Kati ya 70 na 150 ni raha tupu, hata bibi anapita. Ikivuka 200 watoto wadogo nawabakiza kwenye maji yaliyotulia, na ikivuka 400 wateja wangu hawaingii, tunakula nyama tu. Kuna wanaosema naogopa sana, sawa, waende na mtu mwingine. Lakini kuliko ukubwa wa namba mimi naangalia inaelekea wapi, maana mto ulio 90 na unashuka ni mto mwingine kabisa na ule ulio 90 na saa moja iliyopita ulikuwa 50. Ikipanda haraka tokeni, hata kama bado ni ndogo. Na miaka ya ukame nayo ipo, kuna viangazi vya karibuni sehemu za Frio zilikauka hadi mawe yanaonekana, watu wamesafiri toka Houston na tyubu kumi juu ya gari wakakuta kokoto. Kusoma namba kunachukua dakika moja jamani.

Halafu kuna kitu wengi hawakifikirii, kipimo cha Concan kiko chini ya hifadhi. Maji yakifika pale ujue kwako yameshapita. Kwa hiyo namba inakueleza hali ya kawaida ya siku, haikuonyi kwamba kuna kitu kinakuja. Kwa kinachokuja unaangalia rada ya mvua ya kule Leakey, mji ulio mto unakotokea, na vilima vya kaskazini yake, kwa sababu mvua ikipiga kule wewe Garner jua linawaka, unapaka mafuta ya jua, na mto umeshaanza safari.

Sasa kuhusu maji yenyewe. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yanayokusukuma nayo inaongezeka mara nne, ndo maana mtu anaingia yanayomfika gotini anacheka, anasogea hatua tatu mbele anaanguka. Na akianguka kosa la kwanza anataka kusimama. Usisimame kwenye maji yanayokimbia yaliyozidi goti, mguu ukiingia katikati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi na hutaweza kujinyanyua, hata yawe ya kiunoni, hii inaua watu wanaojua kuogelea vizuri sana. Lala chali, miguu juu na ielekee unakokwenda, makalio juu, piga mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni, ukifika kwenye maji yaliyotulia ndo unasimama. Nawafanyisha watoto zoezi hili kabla hawajagusa tyubu na wao wanadhani ni mchezo, poa tu.

Miti iliyoanguka ndani ya maji ndo naiogopa kuliko mawe. Jiwe maji yanalizunguka na wewe yanakuzungusha, lakini matawi na mizizi ya misaiprasi maji yanapita katikati yake na wewe hupiti, unabaki umegandamizwa pale. Ukiuona mti kaa mbali mapema. Ukishindwa kabisa kuukwepa, hapo ndo unageuka, unaogelea kichwa mbele kwa nguvu kuelekea kwenye mti na kujirusha juu yake, usiuendee na miguu kwa sababu miguu itazama chini ya matawi. Kwa sababu hiyo hiyo msifunge tyubu zenu pamoja kwa kamba ndefu, najua inapendeza kwenye picha familia nzima imeshikana, kamba ikinasa kwenye mzizi mmenaswa wote. Na mtoto hafungwi kwenye tyubu, kamwe. Kuna kizuizi kidogo cha zege kwenye eneo la kuogelea, pale shuka, zunguka kwa miguu, usikiteremke.

Laifu jaketi. Sheria ya Texas inataka mtoto wa chini ya miaka 13 avae akiwa kwenye chombo kidogo kinachotembea majini, na kuna wanaobishana kama tyubu ni chombo au siyo. Mimi sibishani, mtoto anavaa. Iwe ile iliyopitishwa na Coast Guard, walinzi wa pwani wa Marekani, imeandikwa kwa ndani, siyo yale mapulizo ya mikononi ya dukani yanayochomoka. Hakuna waokoaji wanaokaa ukingoni kukuangalia, kibao kimeandikwa kabisa, mwangalizi ni wewe mzazi na siyo wewe ukiwa unageuza nyama. Chagueni mtu mzima mmoja kazi yake ni kuangalia maji tu, simu ameweka mfukoni, mnapokezana kila baada ya muda. Ndugu zangu wa Pwani huwa wananiambia aah sisi tumezaliwa baharini. Sawa, lakini maji ya chumvi yanakubeba zaidi, na wimbi likikuchukua mara nyingi lina kurudi, mkondo wa mto hauna kurudi. Na viatu viwe vya kufunga, ndala zinaondoka dakika ya kwanza.

Hapa sasa tuongee mafuriko, na hapa sina utani. Ukanda huu wa vilima wenyewe wanauita Flash Flood Alley, yaani njia ya mafuriko ya ghafla. Hewa yenye unyevu inatoka Ghuba ya Mexico inakutana na miinuko ya Balcones, inapanda, inamwaga, na chini ni mawe ya chokaa yenye udongo mwembamba usionyonya kitu, kwa hiyo mvua yote inateremka mtoni kwa wakati mmoja. Kijiji cha D'Hanis, kwenye kaunti ya jirani tu hapo, tarehe 31 Mei 1935 ilinyesha inchi 22 ndani ya saa 2 na dakika 45. Hiyo ni kama milimita 559, yaani inakaribia mvua ya Dodoma ya mwaka mzima, imeshuka kwa muda usiofika hata saa tatu. Julai 1987 mto Guadalupe ulilikamata basi la vijana waliokuwa wanaondoka kambini karibu na mji wa Comfort, kumi wakafa. Na Julai 4, 2025 wengi wenu mnaikumbuka, Guadalupe tena, kaunti ya Kerr, waliokufa Texas nzima walizidi 130, kati yao watoto na walezi 27 wa Camp Mystic, kambi ya wasichana ya kiangazi. Onyo la kwanza la mafuriko kwa kaunti ile lilitoka saa 7:14 usiku. Watu wamelala.

Kwa hiyo swali langu kwa mtu anayelala mtoni ni moja, nini kitakuamsha? Simu? Ndani ya Garner mtandao ni wa kubahatisha, kwenye baadhi ya kona hakuna kabisa, na wewe usiku unaizima ili kutunza chaji. Nunua redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya hali ya hewa ya Marekani, ile ya betri yenye alamu, siyo ghali, uiache imewashwa kwenye tenti. Ukiona Flash Flood Watch maana yake hali ya hewa inaruhusu mafuriko kutokea, pangeni mtapanda wapi na viatu vikae mlangoni. Ukiona Flash Flood Warning maana yake yanatokea au yanakaribia kutokea, hapo hamkunji tenti, hamtafuti sufuria, mnabeba watoto mnapanda juu.

Juu kwa miguu, nasisitiza. Watu wanakimbilia gari, lakini barabara za kule zinakatiza mto na vijito mahali pa chini, na huko ndiko wengi wanakofia. Maji ya inchi 6 yanayokimbia yanaweza kumwangusha mtu mzima, inchi 12 zinaondoka na gari dogo, futi 2 zinaondoka na magari mengi, hata hizo SUV zenu mnazojivunia. Usiku huoni kama lami bado ipo chini ya maji au imeshaondoka.

Ukichagua mahali pa kulala inua macho kwenye miti. Ukiona majani makavu, nyasi, vipande vya plastiki vimenasa kwenye matawi juu ya kichwa chako, hivyo havikupeperushwa na upepo, ni alama ya maji yalikofika. Kwenye kuweka nafasi wote wanagombania saiti, yaani viwanja vya tenti, zilizo karibu na mto, mimi wateja wangu nawaambia wachukue za nyuma, mtatembea dakika tano kwenda kuogelea na mtalala usingizi. Mchana kukiwa kweupe tembeeni na watoto mpaka pale mtakapokimbilia, wajue njia.

Mengine ni haraka haraka. Nafasi za kulala zinafunguliwa miezi 5 kabla na wikiendi za kiangazi zinaisha mapema sana, pasi za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo zinafunguliwa siku 30 kabla, usiende getini bila kubuku maana hifadhi ikijaa wanafunga. Kama mtaenda hifadhi kadhaa kwa mwaka chukueni ile kadi ya mwaka, dola 70 mara ya mwisho nilipolipa, inawaingiza wote mlio kwenye gari moja na mwenye kadi. Saiti moja ni watu 8. Nane. Siyo nane na shangazi na wale waliokuja kusalimia. Mkiwa wengi bukuni saiti kadhaa jirani, ni rahisi kuliko kumbembeleza renja, yule askari wa hifadhi, kwa Kiingereza cha kuungaunga saa nne usiku. Pombe hairuhusiwi kunywewa wala kuonekana hadharani, kuni hamuokoti porini, na kaunti ikitangaza marufuku ya moto mkaa nao mara nyingi umo, kwa hiyo hiyo nyama choma iwe na mpango wa pili, jiko la gesi mara nyingi linakubalika ila ulizeni getini siku hiyo. Sanduku la barafu lifungeni kweli au liingizeni kwenye gari, kuna wanyama wanaitwa rakuni, wana mikono kama ya mtu, wanafungua zipu, wamewahi kuondoka na mkate mzima wa watu niliowapeleka.

Na spika kubwa wacheni nyumbani. Kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kimya, na hata mchana jirani akilalamika renja anakuja. Mkitaka kucheza muziki kiangazi kuna dansi ya jioni pale kwenye ukumbi wa mawe, wanapiga kwa jukibosi, ile mashine ya kuchagulia nyimbo, toka miaka ya 1940, ni kantri nyingi, wazee na watoto wote wanacheza. Fikeni mapema maana parking inajaa, na kwa hilo dansi huhitaji kuwa umelala pale, pasi ya siku inatosha.