Fedha za Ukalimani na Tafsiri Serikalini: Yanayosemwa na Yalivyo

Bajeti ikibana, fungu la wakalimani na wafasiri huwa miongoni mwa ya kwanza kunyooshewa kidole, na swali huwa lile lile: kwa nini mlipakodi amgharimie mtu asiyejua lugha ya nchi? Mimi ni mkalimani. Nimekaa kati ya karani na mwananchi, kati ya daktari na mgonjwa, na sijifanyi kwamba sina upande. Lakini mengi yanayosemwa juu ya fedha hizi hayahitaji upande ili kuyakosoa. Hayo si kweli, na kwa kuwa si kweli, kuna watu wanaumia.

"Huduma hizi zinatafuna bajeti."

Dhana hii hurudiwa kuliko zote, na ndiyo rahisi kupima. Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24, na sheria zake hutolewa katika lugha hizo zote. Ni vigumu kutaja taasisi yenye mzigo mkubwa kuliko huo. Hata hivyo, kwa hesabu za Tume ya Ulaya yenyewe, tafsiri na ukalimani wa taasisi zote za Umoja havifiki asilimia 1 ya bajeti yake, karibu euro 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Nchini Marekani, ofisi ya bajeti ya Ikulu ililiandikia Bunge ripoti mwaka 2002 ikakadiria kwamba ukalimani ungeongeza wastani wa dola 4.04 kwa kila ziara ya matibabu ya mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri. Hiyo ni nusu ya asilimia moja ya gharama ya ziara yenyewe.

Kinachosahaulika ni ukurasa wa pili wa daftari. Fedha asiyolipwa mkalimani haibaki hazina. Hutoka kwa njia nyingine: kipimo kinarudiwa kwa sababu daktari hakumwelewa mgonjwa, au mtu analala wodini siku ya ziada, au kesi inaahirishwa wakati hakimu, mwendesha mashtaka, askari na mashahidi wote wameshagharimiwa siku ile. Matumizi hayo huandikwa kwenye mafungu yasiyo na neno "lugha", ndiyo maana hayapigiwi kelele. Kuna hospitali moja ya San Francisco iliyoweka simu ya ukalimani kando ya kila kitanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wake wasiojua Kiingereza vizuri waliolazimika kurudi wodini ndani ya siku 30 walishuka kutoka asilimia 17.8 hadi 13.4. Atakayetafuta faida hiyo kwenye fungu la ukalimani hataiona. Imo kwenye vitanda.

"Anayejua lugha mbili anatosha. Mwiteni mtoto wake."

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo nimeona madhara kwa macho yangu.

Mgonjwa wa kisukari anaulizwa mara ya mwisho alichoma insulini lini. Anajibu: "Jana, saa mbili usiku." Mpwa wake, aliyekulia kwenye Kiingereza, anachukua ile mbili kama ilivyo na kumpa daktari. Saa za daktari huanza kuhesabiwa usiku wa manane, za mgonjwa machweo. Kwenye faili, sindano ile sasa imechomwa saa nane usiku, saa sita nzima baada ya wakati wake halisi, na dozi inayofuata inapangwa kwa kufuata uongo ambao hakuna aliyeusema.

Au chukua neno "ndugu". Mwomba hifadhi anasema ndugu yake aliuawa. Siku ya kwanza anayetafsiri ni jirani tu, naye analipeleka kama kaka wa tumbo moja. Miezi kadhaa baadaye mkalimani mwenye mafunzo anauliza sawasawa, na inajulikana kwamba marehemu ni mtoto wa baba mdogo. Afisa anaweka karatasi mbili mezani na kuona mtu aliyebadilisha maelezo. Ombi linakataliwa kwa kukosa kuaminika, rufaa inakatwa, wakili wa serikali anapangiwa kesi. Mlolongo wote huo unagharimiwa na serikali ile ile iliyookoa malipo ya asubuhi moja.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Mwanamke anainamisha kichwa na kusema, "Waliniingilia." Kila Mswahili ameshaelewa. Asiye na mafunzo ataeleza upande wa pili kwamba waliingia nyumbani kwake, au kwamba walijiingiza katika mambo yake, na kosa la jinai linatoweka kwenye maandishi kabla halijachunguzwa. Lugha yetu hulifunika tendo hilo kwa heshima. Kazi ya mkalimani ni kulifikisha likiwa zima bila kumvua aliyelisema heshima hiyo. Hilo hufundishwa, haliji kwa sababu mtu alizaliwa na lugha mbili.

Na mtoto? Mtoto wa miaka 11 anaposikia neno "saratani" na kugeuka kumtazama mama yake, mara nyingi hupunguza. Husema "ugonjwa", husema "watakupa dawa". Simlaumu. Aliyemweka kwenye kiti kile ndiye wa kulaumiwa.

Takwimu zipo kwa anayezitaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulirekodi ziara 13 za watoto kwa madaktari, familia zikiwa za wazungumzaji wa Kihispania, na ukakuta wastani wa makosa 31 ya ukalimani kwa kila ziara. Kwa wasio wakalimani wa hospitali, asilimia 77 ya makosa yangeweza kuathiri matibabu. Kwa wakalimani wa hospitali, asilimia 53. Hiyo 53 si ya kujivunia, na sisi wa kazi hii hatuna haki ya kuificha. Lakini utafiti uliofuata mwaka 2012 ulionyesha kinachoishusha: kwa wakalimani waliopata saa 100 za mafunzo au zaidi, makosa ya aina hiyo yalikuwa asilimia 2 tu. Anayeandaa bajeti na aangalie hapo, kwenye mafunzo, kabla hajaangalia idadi ya vichwa.

Kisa kinachofahamika zaidi katika fani ya afya kilitokea Florida mwaka 1980. Kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake ilitumia neno la Kihispania "intoxicado", kwa maana ya mtu aliyedhurika na kitu alichokula. Hospitali ikasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, ikamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ubongoni. Mkalimani hakuitwa, kwa sababu kila upande uliamini umeelewa. Kijana alipooza mikono na miguu, na malipo ya kumtunza maisha yake yote yalikadiriwa kufikia takriban dola milioni 71.

"Mfasiri na mkalimani ni mtu yule yule."

Mfasiri hufanya kazi ya maandishi, mkalimani ya mazungumzo. Kwa bajeti, tofauti ni kubwa: fomu ikitafsiriwa vizuri mara moja hutumika miaka, na sehemu zake hutumika tena katika fomu nyingine, ilhali mazungumzo ya leo hayawezi kuwekwa akiba kwa ajili ya kesho. Ukiona wakalimani wawili kwenye kibanda cha ukalimani sambamba, ule unaofanywa msemaji akiwa bado anaongea, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi, si anasa. Akili ikichoka huanza kudondosha maneno, na mwenyewe hana habari.

"Wanataka kila karatasi itafsiriwe kwa kila lugha."

Sijui sheria yoyote inayodai hivyo. Marekani, mwongozo wa Wizara ya Sheria wa mwaka 2002 uliziambia taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu zipime mambo manne: watu wangapi wanaihitaji lugha hiyo, wanakuja mara ngapi, huduma yenyewe ina uzito gani kwa maisha yao, na taasisi ina uwezo gani. Taasisi iliyotafsiri hati muhimu kwa kila kundi la lugha lenye watu 1,000 au asilimia 5 ya wanaohudumiwa, kutegemea lipi ni dogo, ilihesabiwa kuwa imetimiza wajibu wake. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozaa utaratibu huo ilifutwa Machi 2025, lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyokuwa msingi wake, ingali ipo.

"Ni hisani kwa wageni."

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo hivyo katika ibara ya 50. Ujerumani iliwahi kuwatoza gharama za mkalimani watu waliopatikana na hatia, na mwaka 1978 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba "bila malipo" ni bila malipo, hata hukumu ikiwa ya hatia.

Halafu, wageni gani? Wengi wanaohitaji huduma hii wamezaliwa katika nchi hiyo hiyo, wakiwa na lugha zilizokuwapo kabla ya lugha ya ofisi. Viziwi nao ni raia. Huambiwa wasome tu maandishi, kana kwamba lugha ya alama ni lugha ya kuongea iliyowekwa mikononi. Ina sarufi yake, na kwa viziwi wengi maandishi ya lugha ya nchi ni lugha ya pili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 unawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma miongoni mwa mambo ambayo serikali inapaswa kuyatoa.

Tena, mahakamani kuna watu wawili wasioelewana, si mmoja. Hakimu asiyemwelewa shahidi hana ushahidi mbele yake. Mkalimani anamfanyia kazi hakimu kama anavyomfanyia shahidi.

"Wakipewa wakalimani hawatajifunza lugha."

Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani huwatengea maafisa wake wanaojifunza Kiswahili takriban wiki 36, zaidi ya saa 800 za darasa, na hao wanalipwa mshahara kwa kujifunza. Mtu anayefanya kazi usiku na kulea mchana atazipata wapi saa hizo kabla mtoto wake hajaugua? Australia, ambayo imekuwa na huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu tangu 1973, imekuwa ikitoa madarasa ya Kiingereza kwa wahamiaji tangu 1948. Mambo hayo mawili yamekwenda pamoja kwa nusu karne.

"Tumpe zabuni mwenye bei ya chini kabisa."

Uingereza ilijaribu. Mwanzoni mwa 2012 Wizara ya Sheria iliikabidhi kampuni moja kazi ya ukalimani katika mahakama za England na Wales, ikitarajia kuokoa mamilioni ya pauni kila mwaka. Malipo na nauli vikakatwa, na wakalimani wengi wenye sifa wakagoma kujiandikisha. Kesi zikaahirishwa kwa kukosa wakalimani, na kamati za Bunge zikaandika ripoti kali dhidi ya utaratibu huo. Bei ilishuka kweli. Huduma ndiyo haikupatikana.

"Siku hizi simu inatafsiri yenyewe."

Kwa kuuliza njia, naam. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walipima maelekezo ya hospitali yaliyotafsiriwa na programu inayotumika zaidi: maana ilibaki kwa asilimia 94 katika Kihispania, na asilimia 55 katika Kiarmenia. Mashine hujifunza kwa maandishi mengi, kwa hiyo huwa dhaifu zaidi kwa lugha zile zile ambazo wakalimani wake ni wa kutafutwa kwa tochi. Tena haisiti. Mimi nikikosa neno nitamwomba msemaji arudie. Simu itaweka neno lingine na kuendelea. Itumike kuandaa rasimu, na mfasiri aisome kabla haijafika kwa mgonjwa.

"Fomu inasema Kiswahili, basi mleteni wa Kiswahili."

Hili hufanywa na maafisa wenye nia njema, wakishamlipa mkalimani halali, na bado fedha inapotea. Mama wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anasema tukio lilikuwa "siku ya kwanza". Kwao hiyo ni Jumatatu. Mkalimani wa pwani, ambaye wiki yake inaanzia Jumamosi, anaweza kuisikia kuwa Jumamosi, au kuwa mwanzo wa tukio. Akisema "siku ya posho", anamaanisha Jumamosi; wa pwani anasikia siku ya kugawiwa chakula. Wote wawili wanazungumza Kiswahili, na tarehe kwenye ushahidi imeharibika.

Dawa yake haina gharama kubwa. Fomu iwe na nafasi ya kuandika mtu amekulia wapi, na kabla ya kazi kuanza, mkalimani na mzungumzaji waachwe dakika tano wazungumze mambo ya kawaida, safari au hali ya hewa, mpaka masikio yazoeane. Katika mikataba niliyopitia sijaona dakika hizo zikitajwa. Nikiziomba, mara nyingi naambiwa muda unakwenda. Nami nazidi kuziomba.