Kituo cha vijana wa LGBTQ: kinachofanyika kila wiki, na kisichoweza kuelezwa kwa simu

Tangu shule zifunguliwe Septemba, simu za wazazi wanaozungumza Kiswahili zimeongezeka katika ofisi yetu hapa Toronto. Wengi wao ni Wakongo na Warundi, wachache ni Wakenya na Watanzania. Maneno hutofautiana, swali ni lile lile: "Mwanangu anakuja kwenu kila Alhamisi. Huwa mnamfanyia nini?" Mimi ni mshauri nasaha wa kituo hiki cha vijana wa LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji, wanaopenda jinsia zote mbili, wanaojitambua kijinsia tofauti na walivyozaliwa, na wengineo, na kwa kuwa ni mimi peke yangu ninayejua Kiswahili, simu zote hizo huishia mezani kwangu. Uongozi umeniagiza niandike maelezo ya jumla ili kila mzazi apate jibu moja. Maelezo haya si ushauri wa kisheria. Mwenye jambo la mahakama au la uhamiaji amwone wakili.

Jibu la swali hilo, mara nyingi, ni kwamba anakula.

Jumatatu jiko ni la vijana wenyewe. Wanakubaliana wapike nini, wananunua vitu kwa bajeti waliyopewa, wanapika, wanaosha vyombo. Majuzi yaliungwa majani ya muhogo. Kijana aliyekulia Uvira aliyaita sombe na kutia mawese. Wa Tanga aliyaita kisamvu na kushikilia kwamba bila tui la nazi hicho si chakula. Ubishi ulichukua nusu saa, kula kulichukua dakika kumi. Naitaja Jumatatu kwanza kwa sababu ndiyo siku tunayojua nani ana njaa, nani ameondoka nyumbani kimyakimya na sasa analala kwenye kochi la rafiki. Ofisini hatakwambia. Atakwambia huku anakatakata vitunguu. Jiji la Toronto lilipofanya hesabu ya watu wasio na makazi mwaka 2018, asilimia 24 ya vijana waliohojiwa walijitambulisha kuwa ni wa LGBTQ, ilhali kwa watu wa rika zote ilikuwa asilimia 11. Sufuria ya Jumatatu ipo kwa ajili ya hao.

Jumanne ni masomo na kuandika maombi ya kazi, sina la kuongeza. Alhamisi ni kikundi cha vijana Weusi na wageni nchini, na ndiyo siku wanaokuja wengi wa watoto wenu. Wanazungumza: shule, ubaguzi, karatasi za uhamiaji, kanisa, msikiti, mapenzi, nywele. Mara nyingine hawazungumzi chochote, wanacheza karata. Ijumaa ni muziki na michezo. Walio chini ya miaka 18 huondoka saa moja jioni, na asiye na nauli ya TTC, yaani mabasi na treni za jiji, hupewa.

Kuhusu saa naomba radhi. Kipeperushi chetu cha kwanza cha Kiswahili kilitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, kikasema tunafungua "saa nne" na kufunga "saa saba". Mzee mmoja alifika saa nne asubuhi, Januari, akasimama kwenye theluji mbele ya mlango uliofungwa. Kwa asiye na miadi, tunafungua saa kumi jioni. Kipeperushi kile kikiwa bado kiko jikoni kwako, kitupe.

Jumatano ni siku ya afya, na hapo ndipo uvumi ulipo mwingi. Asubuhi na mchana kuna vikao vya ushauri nasaha vya dakika 50 kwa miadi. Jioni kuna muuguzi. Msimu wa baridi vikao hujaa upesi, maana Desemba jua la hapa huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kijana ambaye tayari amejifungia chumbani huona giza juu ya giza. Kazi yetu kubwa siku hiyo ni usingizi, wasiwasi, huzuni, na wale wanaojikata. Muuguzi hupima shinikizo la damu, hujibu maswali, na huwaelekeza wanaotaka kipimo cha VVU. Ontario, jimbo letu, ina utaratibu wa kupima bila kutaja jina: mtu hupewa namba, na majibu huifuata namba hiyo. Kituo hakitoi homoni za kubadili jinsia. Hakifanyi upasuaji. Hakina hata friji ya dawa. Nimelisema hili kwenye simu mara nyingi hadi mwenzangu wa mapokezi, asiyejua Kiswahili, amejifunza kusema "hapana, mama".

Na hatuandikishi watoto kuwa kitu wasichokuwa. Mtoto anayefika mlangoni kwetu amekwisha kujiuliza swali lake kwa miaka, kwa kawaida akiwa peke yake. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa tangu mwaka 1990. Sidhani kama ni lazima nirudie yaliyokwisha kuamuliwa miaka mingi kabla wanaokuja kwetu hawajazaliwa.

Sasa mambo ya siri, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Mzazi anapiga simu: "Niambie tu kama yuko hapo." Siwezi. Siwezi hata kukubali au kukana kwamba namjua. Si kiburi, wala si kwamba tumemteka. Ontario haina umri maalumu wa kuridhia matibabu. Sheria ya ridhaa ya huduma za afya ya mwaka 1996 huangalia kama mtu anaelewa anachoambiwa na matokeo ya uamuzi wake, si ana miaka mingapi. Sheria ya huduma za watoto, vijana na familia ya mwaka 2017 inaruhusu mtoto wa miaka 12 na zaidi apewe ushauri nasaha kwa ridhaa yake mwenyewe. Hapohapo, akiwa chini ya miaka 16, sheria inamtaka mshauri azungumze naye mapema kadiri inavyofaa kuhusu kumshirikisha mzazi. Naomba mzazi anayenikasirikia asome sentensi hiyo mara mbili. Mazungumzo hayo tunayafanya, tunayaandika kwenye faili, na vijana wengi hatimaye hukubali, lakini kwa mwendo wao.

Taarifa za afya zenyewe zinalindwa na sheria ya Ontario ya mwaka 2004. Mtu anayezitoa makusudi kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi dola 200,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa taasisi faini hufika dola 1,000,000. Kwa hiyo unaponiambia "ni baina yetu tu, dada", unaniomba kitu cha bei hiyo.

Siri ina mipaka, na kijana huelezwa mipaka hiyo kwenye kikao cha kwanza kabla hajasema lolote. Akiwa katika hatari kubwa ya kujidhuru au kumdhuru mtu, tunachukua hatua. Na mtoto aliye chini ya miaka 16 akionekana kupigwa, kunyanyaswa au kutelekezwa, ni lazima tutoe taarifa kwa shirika la ustawi wa watoto. Wajibu huo ni wa mtu binafsi: siwezi kumwachia mkuu wangu apige simu kwa niaba yangu. Mtaalamu anayenyamaza anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000. Kwa mwenye miaka 16 au 17 taarifa si lazima, ila inaruhusiwa. Najua neno moja, kuchukuliwa, yaani mtoto kuondolewa kwa wazazi wake, linavyotikisa nyumba za Waafrika hapa, na hofu hiyo haikutoka hewani. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario yenyewe ilionyesha mwaka 2018 kwamba watoto Weusi huchukuliwa kwa kiwango kisicholingana na idadi yao. Lakini mtoto kuwa shoga au msagaji, au mzazi kuchukizwa na habari hiyo, si sababu ya kupiga simu kule. Kumfungia nje usiku wa Januari ni sababu.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni safari. Kila karibu na likizo kuna kijana anayeniambia amekatiwa tiketi ghafla kwenda kwa bibi ambaye hajawahi kumwona, au kwa mchungaji fulani "akaombewe". Tangu tarehe 7 Januari 2022 Kanada ina sheria ya jinai kuhusu jambo hili, na bunge liliipitisha bila upinzani. Kumfanya mtu apitie kile kinachoitwa tiba ya kumgeuza, yaani kitendo, tiba au huduma inayokusudiwa kumbadilisha anayempenda au anavyojitambua kijinsia, au kumkandamiza asivionyeshe, ni kosa lenye kifungo hadi miaka 5. Kuitangaza au kupata fedha kutokana nayo ni hadi miaka 2. Na kumtoa mtoto nje ya Kanada ili akafanyiwe huko ni kosa pia, hadi miaka 5, hata kama tiketi ilinunuliwa na mjomba na mchungaji yuko nje ya mamlaka ya polisi wa hapa. Ridhaa ya mtoto haifuti kosa. Ridhaa ya mtu mzima nayo haifuti.

Wazazi huniuliza kama basi sala imepigwa marufuku. Haikupigwa. Sheria inahusu vitendo na huduma zenye lengo hilo, haikugusa imani iliyo moyoni mwako, na mazungumzo yanayomsaidia mtu kujitafakari bila kumshurutisha awe hivi au vile hayamo. Mpaka wenyewe unapita wapi katika nyumba yako, muulize wakili kabla ya safari, si baada yake. Jambo la pili, fikiria unampeleka wapi. Kwa mapenzi ya jinsia moja, Uganda, chini ya sheria ya mwaka 2023, ni kifungo cha maisha, na kwa wanachokiita kosa lililokithiri ni kifo. Tanzania inafika kifungo cha maisha, Kenya miaka 14, Burundi tangu 2009 ni miezi mitatu hadi miaka miwili. Kongo haina sheria ya namna hiyo, lakini mtaa hausubiri sheria. Mtoto uliyevuka naye mipaka mitatu ukikimbia bunduki unamrudisha kwenye hatari ambayo safari hii imeandikwa jina lake.

Kundi jingine linalonipigia si wazazi, ni vijana na watu wazima wanaotaka "ile barua". Imeenea habari kwamba ukihudhuria mara tatu unapewa barua ya kushinda kesi ya ukimbizi. Barua ya namna hiyo haipo. Tunachoandika, bila malipo, ni kwamba mtu fulani amehudhuria shughuli zetu kati ya tarehe hii na hii, na kama alipata ushauri nasaha na ameridhia kwa maandishi, mshauri anaweza kueleza alichokiona. Hatuandiki kwamba mtu ni shoga. Hatuna mashine ya kupimia. Anayekuuzia barua yenye nembo yetu anakuuzia kesi. Kusema uongo katika jambo la uhamiaji, ukishitakiwa kwa njia nzito, ni faini hadi dola 100,000, au kifungo hadi miaka 5, au vyote, na anayekushauri kusema huo uongo yumo pia. Kwa walio na madai ya kweli na wanaoogopa kwamba habari zitafika kwa ndugu: kesi za kuomba hifadhi husikilizwa faragha, na mkalimani ameapa kutunza siri. Ukimfahamu mkalimani, au ukihofu anaifahamu familia yako, una haki ya kusema na kuomba mwingine. Wengi hunyamaza kwa aibu, kisha wanaeleza nusu ya habari zao.

Hatuko peke yetu mjini. The 519, kituo cha jamii ya LGBTQ, iko Barabara ya Church tangu mwaka 1975, na kituo cha afya cha Sherbourne Health kinaendesha mpango wa vijana wa Supporting Our Youth ulioanza 1998. Sisi ni wadogo kuliko hao. Usiku, tukiwa tumefunga, kijana aliyezidiwa apige au atume ujumbe kwa 9-8-8, huduma ya nchi nzima kwa Kiingereza na Kifaransa, au apigie Kids Help Phone kwa 1-800-668-6868 na kuomba mkalimani. Mzazi naye anaruhusiwa kupiga. Hatari ikiwa ya sasa hivi, ni 911.

Wazazi wana siku yao: Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana. Hatumwombi mtu abadili dini yake. Tunachoeleza ni mambo madogo: kula naye meza moja, kumwita kwa jina lake, kutomtangaza kwa shangazi bila ruhusa yake, kumkatalia mgeni anayemtukana. Utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake, uliotoka mwaka 2009, uliona kwamba vijana waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua kuliko wale ambao hawakukataliwa, au walikataliwa kidogo tu. Waliohojiwa walikuwa Wazungu na Walatino wa California, si watu wetu, na mzazi mmoja alinikumbusha hilo kwa haki. Nilimjibu kwamba ninaowaona mimi kila Jumatano ni watu wetu.

Chai na mandazi vipo. Mkalimani analipwa na kituo, na kama Kiswahili changu cha pwani kinakuchosha, sema mapema utafutiwe mtu wa Bukavu. Ila usimlete mtoto mwenyewe akutafsirie. Tulikubali mara moja. Baba alisema kwa ukali dakika tano nzima, mimi nikiwa nje napokea simu, na niliporudi nikakuta binti anamwambia mwenzangu kwa Kiingereza: "Anasema asante kwa chai."