Si Marekani iliyosogeza kiwanja chako

Mimi ni mpimaji ardhi, na mteja mwingine kaniambia bikoni zake, yaani alama za mipaka ya kiwanja, "zimesogea" kwa sababu Wamarekani huwapa raia GPS iliyochakachuliwa, ile safi wamebaki nayo jeshini. Imani hii inanichosha, maana inamfanya mtu asitafute kosa pale lilipo.

Uchakachuaji ulikuwepo kweli. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, jeshi la Marekani lilivuruga saa za setilaiti makusudi, kipokezi cha raia kikawa kinakosea hata mita 100. Rais Clinton akaamuru uzimwe. Mwaka 2007 serikali ikatangaza kuwa setilaiti za GPS III, kizazi kipya cha GPS, hazitakuwa na uwezo huo kabisa. Na leo kipokezi changu kinasikiliza GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kwa pamoja.

Tena hata enzi zile wapimaji hawakushindwa. Unasimamisha kipokezi kimoja kwenye nukta inayojulikana, kingine kwenye kiwanja. Kosa la saa linavikumba vyote viwili sawasawa, ukilinganisha linafutika. Walinzi wa Pwani wa Marekani wenyewe walirusha masahihisho hayo redioni, bure, huku jeshi la nchi hiyo hiyo likiendelea kuvuruga! Kampuni za kuuza masahihisho zilikuwa zimeshapata wateja kabla Clinton hajaamuru chochote.

Sasa kiwanja chako. Ramani nyingi za upimaji Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa kutaja mahali kwa namba; simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Mifumo hii inaikadiria dunia kwa umbo tofauti na kitovu tofauti, kwa hiyo namba zile zile zinaangukia sehemu mbili zilizoachana takriban mita 300. Mteja alichukua namba za ramani, akaziingiza kwenye simu kama zilivyo, akajikuta katikati ya shamba la mtu. Bikoni yake ipo palepale, chuma ndani ya zege, imefunikwa na majani. Soma pembeni mwa ramani: mfumo umeandikwa.

Wasiwasi wangu mimi uko kwingine. Kioo cha mashine kinaniandikia kosa la sentimita 2 tu nikiwa kando ya ukuta wa mabati. Mawimbi ya setilaiti yamegonga bati kabla ya kufika kwenye antena, na mashine haina habari. Narudia kusoma baadaye, setilaiti zikiwa zimehama. Zipo pembe za kiwanja ambazo hata namba mbili zikikubaliana siziamini, naacha GPS na kupima kwa darubini na prizimu.