Je, wajua? Mnyauko wa viazi hujificha wapi shamba likipumzishwa

Viazi mviringo vinanyauka vikiwa bado kijani kibichi. Mkulima anang'oa, anachoma masalia, msimu unaofuata anapanda mahindi, kisha anarudisha viazi. Wiki chache baada ya palizi mashina yanalala tena mchana na kuinuka jioni, hadi siku yasipoinuka. Kata shina moja, lishikilie ndani ya glasi ya maji safi, na uzi mweupe wa ute utateremka kutoka kwenye mkato. Ndani ya ute huo wamo mamilioni ya bakteria waitwao Ralstonia solanacearum. Walikuwa wapi msimu mzima wa mahindi?

Wengi hujibu kwamba wamelala udongoni wakisubiri, kwamba ardhi yenyewe imeugua. Jibu hili lina chembe ya ukweli, lakini limewatia wakulima hasara kubwa, kwa sababu anayeliamini huhama shamba na kwenda nalo kapu lilelile la mbegu. Mwaka unaofuata shamba jipya nalo "limeugua".

Chanzo cha dhana hii pengine ni kimeta. Bakteria wa kimeta hutengeneza spora, yaani umbo lenye ganda gumu linaloweza kukaa ardhini miongo kadhaa bila kula. Ralstonia hana spora. Akiachwa kwenye udongo mtupu huandamwa na njaa, ukavu na viumbe vidogo vinavyomla. Uholanzi, mashamba yaliyoambukizwa katika miaka ya 1990 yalifuatiliwa, na idadi ya bakteria ilionekana ikishuka kadiri miezi ilivyopita. Kasi ya kushuka hutofautiana sana kati ya udongo na udongo, kwa hiyo miezi ya Uholanzi haiwezi kunakiliwa moja kwa moja Mbeya au Nyandarua. Hata hivyo, udongo peke yake ni makao duni kwake.

Kinachomvusha zaidi ni mmea ulio hai. Viazi vidogo vilivyosahaulika wakati wa kuvuna huota katikati ya mahindi, na kila kimoja ni nyumba kamili. Magugu nayo humhifadhi, mnavu ukiwamo. Mimea anayoweza kuishambulia inazidi aina 200, na baadhi humbeba mizizini bila kunyauka. Uswidi katika miaka ya 1970, na Uingereza katika miaka ya 1990, alipatikana kwenye mmea pori uitwao Solanum dulcamara, unaoota kingo za mito na kuzamisha mizizi majini. Wakati wa baridi maji ya mto hupimwa asionekane. Joto likirudi, anaonekana tena, na wanaomwagilia kwa maji hayo humpeleka shambani wenyewe.

Kisha kuna mbegu. Aina ya bakteria huyu inayosumbua viazi vya nyanda za juu inaaminika ilitoka milima ya Andes, asili ya kiazi chenyewe, na inavumilia baridi. Kiazi kilichokua mahali pa baridi kinaweza kuwa nayo ndani kikaonekana kizima kabisa, kisha mche wake ukanyauka ukipandwa sehemu yenye joto zaidi. Mwaka 2003 vipando vya maua ya jeraniamu kutoka Kenya vilifika Marekani vikiwa vimebeba aina hiyohiyo. Vipando hivyo vilikwisha kupita mikononi mwa wengi kabla ugonjwa haujagunduliwa.

Sasa ile chembe ya ukweli kuhusu udongo. Usiku, jikoni, makaa ya moto hufukiwa kwenye majivu. Hewa inapungua, na kaa haliungui likaisha. Pitisha mkono juu yake utahisi ubaridi, uape kwamba moto umezimika. Asubuhi majivu yakifukuliwa na nyasi kavu zikawekwa, moto unashika. Ralstonia aliyekosa chakula hufanya jambo linalokaribia hilo: seli husinyaa na kutumia akiba yake kidogo kidogo. Akihifadhiwa kwenye maji safi tu, katika joto la kawaida la chumba, hubaki hai miaka mingi, ilhali kwenye sahani ya maabara yenye chakula tele hupoteza makali yake ndani ya wiki chache! Baridi au madini ya shaba huweza kumfikisha mahali ambapo yu hai lakini haoti tena kwenye sahani hiyo. Mpimaji ni ule mkono juu ya majivu. Nyasi kavu ni sukari na asidi zinazovuja kutoka mizizi michanga, na katika majaribio, udongo ulioonekana hauna bakteria umewaonyesha tena baada ya mche wa mnyanya kuota humo. Wapo wataalamu wanaosema huenda ni seli chache zilizobaki nzima ndizo zilizozaana, na ubishi huo haujaisha.

Ndiyo maana mzunguko wa mazao hufaulu shamba moja na kushindwa la jirani, hata wote wawili wakipanda mahindi au ngano. Nyanya, bilinganya na pilipili hazihesabiki kama mapumziko, kwani nazo humlisha. Na misimu ya mahindi huhesabiwa tangu siku kiazi cha kujiotea cha mwisho kilipong'olewa pamoja na mnavu. Kikiachwa kimoja kikakomaa katikati ya mahindi, hesabu inaanza upya.